Niliandika "I demand": namna ya kujifunza maneno ya Kingereza



Leo tuongee juu ya maneno ya Kingereza, na nianze na haya yangu mwenyewe. Nilipomaliza lisansi ya agronomia nilirudi hapa Likasi kutafuta kazi. Siku moja nikasikia kuna shirika linatafuta mtu wa kusimamia mashamba, na barua iandikwe kwa Kingereza. Nikachukua barua yangu ya Kifaransa, ile ya "je demande", nikaigeuza neno kwa neno: "I demand a job. Actually I am without work." Nikatuma. Mpaka leo sijapata jibu.

Kisha ndugu yangu, mutoto wa mama mudogo, akatoka Kitwe upande wa Zambia kuja kutusalimia. Nikamuonyesha barua. Akacheka mpaka machozi. "Yaya, we uko naomba kazi ao uko nabagombeza?"

Siwezi kusema kama nilikosa kazi juu ya neno moja. Lakini "demand" kwa Kingereza ni kudai kwa nguvu, sawa vile mutu anadai deni. Na "actually" haimaanishi "sasa". Inamaanisha "kwa kweli". Maneno yote mawili nilikuwa nayo mu kaye yangu: Kingereza upande huu, Kifaransa upande ule, kurasa na kurasa. Shida haikuwa uchache wa maneno. Shida ni kwamba neno nilikuwa nalijua peke yake, bila ndugu zake na bila adui zake.

Kwanza, maana. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunadanganywa na maneno yenye sura moja. "Library" ni mahali pa kuazima vitabu. Duka la vitabu ni "bookshop". "Eventually" si "labda", ni "mwishowe". Kwetu sisi wa kilimo, ukiandika "the culture of maize", Mwingereza anaweza kufikiri unaongea desturi za watu. Sema "the maize crop". Kwa hiyo andika maana kwa Kiswahili pia, si kwa Kifaransa peke yake. Mara nyingi Kiswahili njo kinatuokoa. Kifaransa kinasema "apprendre" kwa mwalimu na kwa mwanafunzi. Sisi tuna kufundisha na kujifunza, na Kingereza vilevile kina "teach" na "learn". Ukipitia Kiswahili, huwezi kuyachanganya.

Pili, kinyume. Hiki njo kipimo ninachokipenda zaidi. Neno likiwa na vinyume viwili, ujue lina maana mbili. Chukua "light". Kinyume chake ni nini? Kama ni mzigo, ni "heavy". Kama ni rangi, ni "dark". Basi "light soil" ni udongo gani? Sisi tunasema udongo mwepesi, wa mchanga, na kinyume chake ni "heavy soil", udongo wa mfinyanzi unaoshika jembe. Fanya hivyo na "hard". Udongo mgumu, kinyume ni "soft". Mtihani mgumu, kinyume ni "easy". Na "fresh": mkate wa jana si "fresh", ni "stale"; maji ya bahari si "fresh", ni "salt water". Usiandike neno bila kujiuliza kinyume chake, na kinyume cha nini.

Tatu, visawe, yaani maneno yenye maana karibu moja. Nasema karibu, juu hayalingani kabisa. "Crop" ni mmea unaoulima, "harvest" ni kuvuna ao mavuno yenyewe, "yield" ni kiasi unachopata kwa hekta. Ukiyachanganya mu ripoti, msomaji atashindwa kujua unahesabu nini.

Hapa kuna habari njema kwetu. Mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa kule walisema Kifaransa. Njo maana Kingereza mara nyingi kina maneno mawili kwa jambo moja: "buy" na "purchase", "begin" na "commence", "help" na "aid". La kwanza ni la nyumbani na sokoni, la pili lilitoka kwa Kifaransa na linanukia ofisi. Sisi tuna yale ya ofisi tayari. Tunachokosa ni yale madogo. Lakini angalia: neno likihama, linaweza kubadilika tabia. "Demand" lilitoka kwa "demander", na njiani likawa kali. Kuomba kwa heshima ni "ask for" ao "request", na kuomba kazi ni "apply for".

Sasa ninafanya hivi: ukurasa mmoja wa kaye naugawa sehemu nne. Neno, maana kwa Kiswahili, kinyume, jirani yake na tofauti yao. Chini naandika sentensi moja ya kazi yangu mwenyewe. Maneno matano kwa siku yanatosha. Hamsini ya kukariri usiku mmoja, asubuhi yamekimbia.

Zambia iko karibu, ng'ambo ya Kasumbalesa, na kule ofisi zote zinaandika Kingereza. Tangu 2022 nchi yetu iko pia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hapa nyumbani tangazo la kazi mara nyingi linakuja na hiyo luga. Diploma tunazo. Tusiangushwe na barua.

Ile yangu nimeiandika upya: "I am writing to apply for the position of agronomist. I am currently looking for work." Nimeituma mahali pengine, bado ninangoja. Lakini mara hii ninajua kama ninaomba, sigombezi mutu.

Chukua barua yako ya zamani leo, uipitishe mu hiyo kaye.