Sura ya 6: Siku Nane za Roma

Anayefundisha historia ya Vita Kuu ya Kwanza hukutana na kauli hii kila mwaka: Italia ilikuwa mshirika wa Ujerumani na Austria-Hungaria, ikawageuka vita vilipopamba moto, na huo ni usaliti usio na mjadala. Wanaoitoa kwa kujiamini sana, aghalabu hawajausoma mkataba wenyewe. Ukiwauliza ni ibara gani iliyovunjwa, watanyamaza, au wataanza habari za tabia ya Waitalia, kwamba ukigeugeu umo damuni mwao.

Hayo ya damu ni upuuzi. Romania ilikuwa na mkataba wa siri na Vienna tangu 1883. Agosti 1914 ikakaa kando, na Agosti 1916 ikaivamia Austria-Hungaria. Nani amewahi kuueleza uamuzi wa Bucharest kwa damu ya Waromania? Mkataba hupimwa kwa maneno yake, na hapa maswali ni matatu. Je, Italia ilipaswa kupigana 1914? Je, ilikuwa na haki ya kujitoa 1915? Na je, kisa cha 1943, Italia iliposaini usitishaji vita bila Ujerumani, ni hicho hicho?

Muungano wa Nchi Tatu ulitiwa saini Vienna tarehe 20 Mei 1882, ukahuishwa mara kadhaa, mara ya mwisho Desemba 1912. Ulikuwa mkataba wa kujihami. Ibara ya 2 ilihusu shambulio la Ufaransa. Ibara ya 3 ilihusu mwanachama atakayejikuta vitani na mataifa makubwa mawili au zaidi. Zote mbili zilibeba sharti moja: mwanachama huyo awe ameshambuliwa bila kuchokoza. Ibara ya 5 ikaongeza kwamba amani ikitishiwa, wanachama washauriane mapema.

Sasa zitazamwe tarehe. Julai 23, 1914, Austria-Hungaria iliipa Serbia makataa ya saa 48, bila kushauriana na Roma. Julai 28 ikatangaza vita. Agosti 1 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, na Agosti 3 dhidi ya Ufaransa. Katika matamko yote matatu, aliyetangulia ni mshirika wa Italia. Waziri wa mambo ya nje, Antonino di San Giuliano, hakuhitaji hila yoyote kusema kwamba sharti la kupigana halikutimia. Italia ikatangaza kutoegemea upande wowote, na kwa kufanya hivyo haikuvunja hata neno moja.

Swali la pili ni gumu zaidi, na jibu lake limo katika Ibara ya 7. Ibara hiyo ilisema kwamba Austria-Hungaria au Italia ikilazimika kukalia eneo la Balkani, hata kwa muda, lazima kwanza wawili hao wakubaliane juu ya fidia. Vienna ilidai maneno hayo yalihusu ardhi ya dola ya Kituruki tu. Hata Berlin haikuikubali tafsiri hiyo. Desemba 1914, majeshi ya Austria yalipoingia Belgrade, waziri mpya, Sidney Sonnino, alidai haki ya Italia. Vienna iliikubali kanuni ya fidia Machi 1915 tu, na hata hapo kwa kusitasita.

Kwa hiyo, wa kwanza kukiuka ni Vienna. Lakini ukiukaji wa mmoja hauui mkataba papo hapo. Aliyekiukiwa hupata sababu ya kujitoa, ila lazima atoe taarifa, na hadi hapo naye amefungwa. Kanuni hiyo ya zamani iliandikwa rasmi katika Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba. Isitoshe, anayedai fidia kwa Ibara ya 7 anakiri kwa kinywa chake kwamba mkataba ungali hai.

Aprili 26, 1915, Italia ilitia saini mkataba wa siri London pamoja na Uingereza, Ufaransa na Urusi. Iliahidiwa Trentino, Trieste, Istria na sehemu ya Dalmatia, nayo ikaahidi kuingia vitani ndani ya mwezi mmoja.

Watu hutaja ahadi za Ulaya na kuishia hapo, ilhali Ibara ya 13 ya mkataba huo iligusa pwani ya Waswahili. Ilisema Uingereza na Ufaransa zikiongeza makoloni Afrika kwa hasara ya Ujerumani, Italia itaweza kudai fidia, hasa kwenye mipaka ya Eritrea, Somalia na Libya. Vita vikaisha, Uingereza ikaichukua Tanganyika, na deni likaiva. Kilichotolewa ni Jubaland, jimbo la Koloni la Kenya lililofika hadi mto Juba, pamoja na bandari ya Kismayu. Makabidhiano yalikubaliwa kwa mkataba wa Julai 15, 1924, na mwaka uliofuata Waitalia wakaingia. Mpaka ukasogezwa kutoka mtoni hadi mstari unaofika baharini karibu na Ras Kiamboni. Wabajuni, ambao lahaja yao ya Kiswahili ilisikika kutoka Kismayu hadi upande wa Lamu, wakagawanywa kati ya wakoloni wawili. Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya, mstari wake ulianzia pale pale mpaka huo wa nchi kavu unapoishia. Mvuvi wa Kiunga anaishi na Ibara ya 13 hadi leo.

Swali la tatu halihitaji maneno mengi. Mkataba wa Chuma wa Mei 22, 1939 kati ya Italia na Ujerumani haukuwa na sharti la kutochokoza, na Ibara yake ya 5 ilikataza kusimamisha vita bila makubaliano ya wote wawili. Septemba 3, 1943, Italia ilisaini usitishaji vita huko Cassibile, Sisilia, bila kuihusisha Berlin. Ibara ya 5 ilivunjwa, na kuichanganya 1943 na 1915 ni kutosoma mkataba wowote kati ya hiyo miwili.

Turudi 1915. Ibara ya 1 ya Muungano wa Nchi Tatu iliwakataza wanachama kuingia katika ahadi yoyote dhidi ya mwenzao. Taarifa ya kujitoa ilifika Vienna Mei 4. Vita dhidi ya Austria-Hungaria vikatangazwa Mei 23. Kukaa kando 1914 kulikuwa halali. Kujitoa Mei 1915 kulikuwa na hoja nzito. Kosa la Italia ni saini ya London, iliyowekwa siku 8 kabla ya taarifa, mkataba wa zamani ukiwa bado unaifunga. Anayetaka kuishtaki Italia na ashike Ibara ya 1 na tarehe hizo mbili, Aprili 26 na Mei 4.