Magofu ya Kilwa yana sheria ya kuyalinda. Kumbi za sinema za zamani je?

Ukipanda boti Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, unakutana na kuta zilizosimama kwa mamia ya miaka. Zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, pamoja na zile za Songo Mnara. Mgeni analipa, anapewa mwongozaji, anapiga picha.

Ukishuka kusini hadi Lindi mjini, kuna historia nyingine ambayo haina tiketi wala kibao. Kama karibu kila mji mkubwa wa Tanganyika, Lindi nayo ilikuwa na ukumbi wake wa sinema. Watu walivaa vizuri, wakapanga foleni, wakaingia gizani kumwangalia Raj Kapoor.

Kijana wa leo anaangalia filamu kwenye simu, tena kwa bando la siku. Swali ni hili: zile kumbi ziliishia wapi, na kwa nini sheria inayolinda ukuta wa Kilwa haizigusi?

Sinema ilifikaje pwani?

Zanzibar ilitangulia. Mwaka 1921 ulijengwa ukumbi wa Royal pale Vuga, kwa mchoro wa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora pia majengo mengine kadhaa ya serikali mjini humo. Uliungua mwaka 1954. Mwaka uliofuata ukajengwa upya kwa jina la Majestic, jina ambalo wengi wanalijua mpaka leo.

Bara nako kumbi zikaota: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na kwingineko. Nyingi zilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India, ambao walikuwa na mtaji na walijua pa kuzipata filamu za Bombay.

Kwa nini Lindi? Kwa sababu ilikuwa na bandari, mashamba ya mkonge na ofisi za serikali. Mwaka 1947 Waingereza wakaanzisha ule mradi mkubwa wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, na reli ikajengwa kuunganisha bara ya kusini na pwani. Mradi ulikufa mapema miaka ya 1950 na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Lakini kwa kipindi fulani kulikuwa na watu wengi wenye mishahara, na mji wenye mishahara ni mji wenye wateja wa tiketi.

Vijijini hali ilikuwa tofauti. Huko sinema ilikuja kwa gari: projekta, jenereta, kitambaa cheupe na uwanja uliojaa watoto. Serikali ya kikoloni ililijaribu hilo mapema. Kati ya 1935 na 1937, mradi uliokuwa na kambi yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi za kilimo na afya na kuzizungusha Afrika Mashariki. Baada ya uhuru, magari ya sinema yaliendelea kubeba ujumbe wa serikali.

Ukumbi ulifanyaje kazi?

Filamu haikuwa faili. Ilikuwa mikanda ya plastiki yenye upana wa milimita 35, imezungushwa kwenye magurudumu ya chuma. Gurudumu kubwa la futi 2,000 liliisha kwa dakika kama 20 hivi. Kwa hiyo filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa na magurudumu tisa au zaidi, na mzigo wake ulikuwa mzito kweli kweli.

Ndiyo maana kumbi nyingi zilikuwa na projekta mbili. Moja ikimaliza, nyingine inaanza, na mtazamaji hajui kitu. Fundi akisinzia, ukumbi mzima unapiga miluzi.

Nakala zilikuwa chache. Zanzibar na Dar es Salaam, kumbi mbili zingeweza kuonyesha filamu moja usiku mmoja kwa kutumia nakala moja. Gurudumu likiisha ukumbi wa kwanza, kijana analipakia kwenye baiskeli na kukanyaga hadi ukumbi wa pili. Pancha moja tu, watu wanabaki kukodolea macho kitambaa cheupe.

Mikoa ya kusini ilikuwa na tatizo lake la ziada: barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kuvuka Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar hadi Kilwa na Lindi ilitegemea kivuko, na masika iliweza kuikata kabisa. Chochote kilichotoka Dar kilisubiri maji yapungue, au kilitafuta meli au ndege.

Ndani ya ukumbi kila mtu alijua pake. Viti vya mbele karibu na kitambaa vilikuwa vya bei rahisi, balkoni ilikuwa ya wenye nazo. Jumapili ilikuwa siku ya familia na filamu ya Kihindi. Zipo kumbi zilizotenga maonyesho ya wanawake peke yao, na kwa miji ya Waislamu wengi hilo lilikuwa jambo kubwa: mahali pa burudani ambapo mama na binti zake walitoka bila mtu kuwasema. Awara ya mwaka 1951 ilipendwa mno. Miaka ya 1970 vijana wakahamia kwa Bruce Lee.

Nani aliziua?

Jibu la haraka ni televisheni. Si kweli sana. Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kumbi za bara zilianza kuumwa kabla ya hapo.

Kwanza, umiliki. Sheria ya mwaka 1971 iliipa serikali mamlaka ya kutwaa majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Majengo mengi ya wafanyabiashara wenye asili ya India yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Aliyejenga ukumbi akageuka mpangaji ndani ya ukumbi wake. Wengi wakaondoka nchini. Na mpangaji hana haraka ya kubadili bati la paa ambalo si lake.

Pili, filamu zenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliundwa mwaka 1968 na baadaye ikashika uingizaji wa filamu. Uchumi ulipobana mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa baada ya vita vya Uganda, fedha za kigeni zikawa adimu. Filamu mpya zikapungua, mikanda ikachakaa, vipuri vya projekta havikupatikana.

Tatu, video. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, deki zikaingia kwa wingi. Mtu mwenye deki, runinga na chumba cha mabenchi alikuwa tayari na sinema yake. Ndipo vikazaliwa vibanda umiza. Huko filamu ya Kimarekani au ya Kichina iliingizwa maneno ya Kiswahili na wasimuliaji kama Lufufu, kitu ambacho ukumbi mkubwa haukuwahi kumpa mteja wake.

Pigo la mwisho lilitoka nje. Kufikia miaka ya 2010 wasambazaji wakubwa wa filamu duniani waliachana na mikanda ya milimita 35 na kuhamia dijitali. Ukumbi wa zamani ukitaka kufufuka leo, projekta yake ya awali inafaa makumbusho tu.

Majengo yalikwenda wapi?

Yapo yaliyogeuzwa maduka, maghala au kumbi za ibada. Umbo lake linaruhusu: chumba kimoja kikubwa kisicho na nguzo katikati. Mengine yalivunjwa kwa sababu kiwanja kilikuwa na thamani kuliko jengo. Dar es Salaam, eneo lililokuwa Drive-In, watu wakiangalia filamu ndani ya magari, ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani pale Msasani.

Yapo pia yaliyopata maisha ya pili. Nairobi, ukumbi wa Shan wa Ngara umekuwa Sarakasi Dome, mahali pa wanasarakasi na wachezaji ngoma. Zanzibar, Majestic ambayo paa lake liliporomoka ina watu wanaofanya kazi ya kuirudisha, wakiongozwa na taasisi ya Hifadhi Zanzibar.

Kwa nini Kilwa inalindwa?

Hapa ndipo penye mzizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Msikiti Mkuu wa Kilwa unapita bila swali. Jengo la miaka ya 1950 halipiti. Waziri anaweza kulitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, lakini lazima mtu aanze kwa kuomba.

Majestic ina bahati ya anwani. Imo ndani ya Mji Mkongwe, eneo lenye mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985. Lindi mjini haina ngao ya namna hiyo.

Sababu ya pili ni ya kifundi. Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, hazina chuma ndani. Ukumbi wa karne ya 20 una nondo na paa la bati. Hewa ya chumvi inakula bati kwanza, mvua inaingia, nondo zinashika kutu na kuvimba, saruji inapasuka kutoka ndani. Ndiyo maana jengo la miaka 70 linaweza kuwahi kuanguka kuliko msikiti wa miaka 700.

Hata hivyo sheria peke yake si dawa. Magofu ya Kilwa yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mmomonyoko na kubomoka, yakatolewa 2014 baada ya kazi ya miaka kumi. Na Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, ndani ya Mji Mkongwe unaolindwa, ilianguka na kuua watu.

Kwa nini uanze kujali sasa?

Kwa sababu ya ardhi. Mradi wa kuchakata gesi asilia unaopangwa Likong'o, nje kidogo ya Lindi mjini, ukianza kweli, viwanja vya mjini havitabaki na bei ya leo. Jengo kuukuu ambalo halimo kwenye orodha yoyote ndilo la kwanza kupisha ghorofa.

Si kila ukumbi unastahili kubaki, na halmashauri ina zahanati na shule za kujenga. Lakini kuna tofauti kati ya mji ulioamua kuliacha jengo na mji ambao haukujua ulikuwa na nini.

Kujua hakuna gharama kubwa. Simu uliyoshika inatosha kupiga picha za nje na ndani, kuhifadhi mahali lilipo na kumrekodi mzee anayekumbuka tiketi iliuzwa shilingi ngapi na nani alikuwa fundi wa projekta. Wazee hao waliokaa viti vya mbele miaka ya 1950 sasa wana umri mkubwa. Ombi lolote la kumshawishi waziri litahitaji ushahidi wa aina hiyo, na wao ndio wenye nao.