Mikono dhaifu pia yaweza kucheza

Katika vituo vya biashara kama Kanja, kaunti ya Embu, kibanda cha michezo ya video hakikosi wateja siku ya Jumamosi. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiletwa na ndugu zake, kwa kawaida hukaa kando akitazama wenzake. Kidhibiti, kile kifaa cha vitufe ambacho vijana hukiita padi, huhitaji mikono miwili na vidole gumba vyepesi.

Je, yuko wa kumsaidia? Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, chenye vitufe viwili vikubwa mfano wa sahani. Mtu aweza kuvibonyeza kwa kiwiko, goti au kidevu. Nyuma yake mna matundu 19 ya kuchomeka swichi za ziada, kila moja ikifanya kazi ya kitufe fulani. Sony nao walifuata na Access mnamo Desemba 2023.

Bei ndiyo kikwazo. Cha kwanza kilitolewa kwa dola 100 hivi, yapata Sh13,000 kabla ya nauli na ushuru, na swichi huuzwa kando. Isitoshe, cha Sony hutumika kwa PlayStation 5 pekee, na cha Microsoft kwa Xbox au kompyuta ya Windows. Ukiwa na PlayStation 4 nyumbani, muuzaji asikudanganye. Vyote viwili havitakufaa moja kwa moja.

Hata hivyo, mzazi asikate tamaa. PlayStation 4 yenyewe, tangu mwaka 2015, huruhusu kazi za vitufe kubadilishwa, ili zile muhimu ziwe upande wa mkono wenye nguvu. Huduma hiyo hailipiwi, imo kwenye mipangilio ya mashine, lakini wengi hawaijui.

Swichi nazo si miujiza. Ni nyaya mbili zinazogusana mtu anapobonyeza, zikiishia kwa pini ya milimita 3.5 kama ile ya waya wa kusikilizia redio. Fundi wa redio aweza kuunganisha pini hiyo na kitufe cha kengele ya mlango, akakifunga juu ya ubao. Kamwe kisiunganishwe na stima ya nyumbani.

Kabla ya kutumia pesa, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini. Atachunguza ni kiungo kipi kinachotii bila kuchoka, kwani swichi ikiwekwa mahali pabaya, misuli iliyokaza huzidi kukaza. Aliyepatwa na kiharusi pia aweza kunufaika, mradi mchezo usichukue nafasi ya mazoezi aliyoagizwa. Mkono ukiuma au kufa ganzi, apumzike.

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa pia na kifafa, na mwanga unaometameta kwenye kioo waweza kuwachochea baadhi yao. Kwa mtoto kama huyo, daktari aulizwe kwanza.