Bakteria Akatapo Chombo Chake Mwenyewe

Katika matumbo ya binadamu wa Karatu, ya ng'ombe wao na ya nyati wa Ngorongoro huishi bakteria aitwaye Escherichia coli. Naye pia ana adui: virusi viitwavyo bakteriofaji.

Virusi havina kiwanda cha protini, basi huteka kile cha bakteria. Humo, RNA za uchukuzi huleta asidi amino moja moja kwa kusoma maagizo ya jeni. Bakteria huyu ana aina moja tu ya RNA ichukuayo lisini, na mahali pake pa kusomea pametiwa alama ya kikemia ili isikosee.

Baadhi ya bakteria hao wana kimeng'enya PrrC, ambacho kwa kawaida hufungwa. Kirusi T4 kiingiapo, PrrC hufunguka na kuikata RNA hiyo kando ya alama. Pasipo alama, ukataji hupungua. Kazi ya kutengeneza protini husimama. Bakteria hufa, lakini kirusi hakizaliani, na jamaa zake husalimika.

Hata hivyo, T4 hakikubali kushindwa. Mwaka 1987 Gabriel Kaufmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walieleza kwamba kirusi hicho kina vimeng'enya viwili: kimoja hutengeneza ncha zilizokatwa, cha pili huziunga.

Ndiyo maana atakaye kutumia virusi kutibu maradhi yaliyoshinda dawa hana budi kujua kwanza silaha za bakteria.