Vyura Wawili wa Ukoo Mmoja

Unawajua vyura. Wengi wao hutaga mayai majini. Mayai yakianguliwa hutoka viluwiluwi wenye mikia, ambao baadaye hugeuka vyura.

Lakini mkoani Morogoro wapo vyura wasiotaga. Mayai yao huanguliwa tumboni mwa mama. Kisha mama huzaa vyura wadogo wenye miguu tayari. Ukoo huu uko Tanzania tu. Tuwatazame wawili walio hatarini kutoweka.

Wa kwanza ni chura wa Kihansi. Ana rangi ya manjano na hafiki sentimita 3. Ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba, hata watoto huonekana ndani. Makao yake ni kando ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa. Aliishi penye manyunyu ya maji tu, mahali padogo kama ekari 5 hivi.

Wa pili hupatikana katika Milima ya Uluguru peke yake. Huyu hahitaji maporomoko. Hukaa chini msituni, penye majani yaliyoanguka na unyevu. Ni vigumu kumwona. Mwaka 1971 alipewa jina la kitaalamu "cryptus", maana yake aliyefichika.

Chura wa Kihansi alipatwa na nini? Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalikuwa yamepelekwa kwenye mitambo ya umeme. Manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa, lakini mwaka 2003 vyura walikufa kwa wingi. Ugonjwa wa kuvu nao ulionekana. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Bahati njema, vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, wakazaana. Mwaka 2012 uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi.

Chura wa Uluguru nyumba yake ni msitu. Msitu ukiungua, jua hukausha ardhi, naye hufa. Msitu huohuo hutunza maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa hadi Dar es Salaam. Tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kwa hiyo, usiwashe moto shambani karibu na msitu. Ukiuona moto unapanda mlimani, waite wenzako mkauzime mapema. Kumlinda chura ni kulinda maji yetu.

Maswali
1. Vyura hawa wanafanana kwa jambo gani? Wanatofautiana kwa lipi?
2. Kijijini kwenu mnazuiaje moto usifike msituni?