Kompyuta imesasishwa: barua pepe za zamani zitaokolewaje?

Mwenye ofisi ndogo mtaani Kansanga, Kampala, anayehifadhi barua pepe kwenye kompyuta ili azisome hata kifurushi cha intaneti kikiisha, huweza kukuta asubuhi moja, baada ya mfumo kusasishwa, kwamba Windows Live Mail haifunguki au inakataa nenosiri.

Microsoft iliacha kuihudumia programu hiyo Januari 2017. Mwaka 2022, Google nayo ilianza kuzuia programu zinazoingia Gmail kwa nenosiri la kawaida pekee. Anayewasha uthibitisho wa hatua mbili anaweza kupata nenosiri maalumu la programu.

Kosa kubwa ni kuifuta programu kwa haraka. Barua zilizopakuliwa kwa njia ya POP huenda zimeshaondolewa kwenye seva, na nakala pekee ikawa imo ndani ya kompyuta. Kwanza, kabrasha zima la barua linakiliwe kwenye diski ya nje. Iwapo Windows imepandishwa toleo, kwa kawaida kuna siku 10 za kurejea toleo la awali.

Programu ikishindikana kabisa, barua hazijapotea: kila moja ni faili linaloweza kufunguliwa kwa Thunderbird, inayopatikana bila malipo.