Farasi Huyu Anauzwa Bei Gani?

Baba yangu alikuwa saisi Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Jumapili jioni, mbio zikiisha, aliwasugua farasi jasho kwa kitita cha majani makavu, akianzia shingoni akishuka, mimi nikishika kamba. Watu walimjia hapo hapo na swali moja: "Mzee, wiki ijayo nani anashinda?" Naye aliwajibu kwa swali lake: "Kwani wanamlipa bei gani?" Utotoni nilidhani anawakwepa.

Sasa naishi Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na kila ikikaribia Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya mbio kubwa za farasi za Kentucky Derby, anayeulizwa ni mimi. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi pamoja na Wakongomani wengi, na Kiswahili chetu hakinyamazi mpaka alfajiri. "Kaka, Derby ya mwaka huu ni ya nani?" Jibu langu ni lile la baba. Nataka kulieleza hapa vizuri, maana nimeona watu ninaowapenda wakiacha mshahara wa wiki nzima kwenye dirisha la dau kwa kumfuata farasi mzuri kwa bei mbaya.

Kwanza, bei inatoka wapi. Churchill Downs, uwanja wa Derby, si kama mikeka ya mpira, ambako kampuni inakupangia odi, ukubali au uache. Hapa fedha zote za dau la ushindi zinaingia mfuko mmoja. Uwanja unakata chake kwanza, kama senti 17 na nusu katika kila dola, kisha waliomchagua mshindi wanagawana kilichobaki. Unashindana na watu uliosimama nao foleni. Umati ukimpenda farasi, malipo yake yanashuka, hata kama mwili wake haujabadilika tangu jana. Na bei inaendelea kucheza ubaoni mpaka milango ifunguke.

Ubao ukiandika 4 kwa 1, dau la dola 2 linakurudishia 10, zikiwemo 2 zako. Ili bei hiyo isikule polepole, farasi huyo lazima awe wa kushinda mara 1 katika kila 5. Ukiamini atashinda mara 1 katika 7, umeuziwa ghali, na akishinda leo bado umeuziwa ghali. Hapa ndipo wenzangu wengi wananikatalia, na hapa ndipo jambo lote lilipo.

Chukua Derby ya 2022. Ijumaa usiku nilikaa jikoni na bahasha kuukuu, nikaandika majina 20, na mbele ya kila jina nikaweka makadirio yangu. Hesabu nzima lazima itimie mia kwa mia. Ukimwongezea mmoja, umnyang'anye mwingine. Zoezi hilo peke yake linamtibu mtu tabia ya kuona kila farasi ana nafasi.

Derby ni ngumu kupima. Wote ni wa miaka mitatu, na karibu wote hawajawahi kukimbia maili moja na robo, yaani kama kilomita 2. Madume wote wanabeba kilo 57, kwa hiyo hakuna aliyepunguziwa mzigo. Watu huangalia sana geti analoanzia farasi. Ni kweli kwamba kufikia 2025 geti la 17 lilikuwa halijatoa mshindi hata mmoja, na la 1 halikuwa limetoa tangu Ferdinand mwaka 1986. Mimi namba ya geti naipa uzito kidogo tu.

Ninachokitazama kuliko vyote ni mwendo. Wako farasi wasiovumilia kuona matako ya mwenzao. Hao wakiwa mmoja tu, anaongoza kwa raha na huenda asikamatwe. Wakiwa watano, wanachinjana mapema, na mbio zinawaangukia waliokaa nyuma. Isaac Murphy, mpanda farasi mweusi wa hapa hapa Kentucky, alisifiwa kwa kipaji hicho cha kupima mwendo na kutunza nguvu za mnyama. Alishinda Derby mwaka 1884, 1890 na 1891, na naomba kila Mwafrika anayefika Louisville alijue jina lake.

Halafu mwili wenyewe. Wiki ya Derby watu huruhusiwa kuingia asubuhi kuwatazama farasi wakifanya mazoezi, nami hupita nikitoka kazini. Wenzangu Waislamu hawaweki hata senti, lakini asubuhi zile hawakosi. Baba alinifundisha kutazama masikio na mapaja. Masikio yanayocheza mbele na nyuma taratibu ni ya farasi anayesikiliza. Jasho jeupe kama povu la sabuni katikati ya mapaja, hali ya hewa ikiwa ya baridi, ni la farasi anayeteketeza nguvu zake kabla hata ya kuitwa.

Basi bahasha yangu. Epicenter nilimwona ndiye bora, nikamweka mara 1 katika 6. Zandon nilimwona karibu sawa naye, nikamweka hapo hapo. Umati ukampa Epicenter 4 kwa 1 na Zandon 6 kwa 1. Kwa makadirio yangu, bei ya haki kwa wote wawili ilikuwa 5 kwa 1. Wa kwanza alikuwa ghali, wa pili rahisi. Nikaweka dola 10 kwa Zandon.

Halafu kulikuwa na Rich Strike, farasi ambaye hakuwa hata kwenye orodha mpaka Ijumaa asubuhi, alipoondolewa farasi mwingine dakika za mwisho. Septemba 2021 alikuwa amenunuliwa dola 30,000 katika mbio za kuuzia, zile ambazo kila anayekimbia ananunulika kwa bei iliyotangazwa. Ubao ulimpa 80 kwa 1.

Milango ikafunguka. Farasi Summer Is Tomorrow akakata robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, kasi ambayo mwanzo wa Derby haukuwa umewahi kuiona. Waliomfukuza walilipa. Kwenye mnyoosho wa mwisho Epicenter na Zandon wakashikana bega kwa bega, na watu zaidi ya 147,000 wakawa wanapiga kelele za majina mawili tu. Hapo mpanda farasi Sonny Leon akamleta Rich Strike kutoka karibu na mkia, akipenya ndani kando ya uzio, akawapita wote wawili. Dola 2 zikalipa dola 163.60. Zandon alikuwa wa tatu.

Jumatatu ghalini wenzangu wakaniambia hesabu zangu hazina maana. Nikawaambia tiketi ya Zandon ningeinunua tena kwa bei ile ile. Kosa langu lilikuwa kwingine. Rich Strike nilimweka mara 1 katika 100 bila kumsoma. Siku ile aliponunuliwa alishinda kwa zaidi ya urefu wa farasi 17, tena juu ya udongo huu huu wa Churchill Downs, na ni farasi wa kutokea nyuma, katika mbio zilizojaa wakimbizaji wa mbele. Nikiirudia bahasha ile leo, namwandika mara 1 katika 50, na kwa 80 kwa 1 nanunua.

Wengine walijifunza kwamba anayependwa na umati hashindi Derby. Si kweli. Kuanzia 2013 hadi 2018 waliopendwa zaidi na umati walishinda miaka sita mfululizo. Nyquist, mwaka 2016, alilipa dola 6.60 kwa dau la 2. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakushinda hata mmoja. Usimchukie farasi kwa sababu anapendwa, muulize bei.

Agosti 2022 Epicenter alishinda mbio za Travers kule Saratoga, Rich Strike akiwa wa nne, na Epicenter ndiye aliyetangazwa bingwa wa mwaka huo wa farasi dume wa miaka mitatu nchini Marekani. Rich Strike hakushinda mbio nyingine tena. Farasi bora wa Derby ile alikuwa Epicenter, na kwa 4 kwa 1 hata leo nisingemnunua.